Nimempokea Mzigo Mama wa Watu

Dada zangu wa Brooklyn Park, mwenzenu nimeaibika. Si aibu ndogo. Nimeaibika Osaka, sokoni, mchana kweupe, na mayai yamevunjika.

Mnajua kilichonileta Japani. Binti yangu Neema aliishi huku mwaka mzima akisoma, nyumbani kwa mama mmoja anaitwa Haruko. Katikati ya mwaka akapasuliwa kidole tumbo. Karatasi zangu zilikuwa bado ziko uhamiaji, nikawa siwezi kutoka Amerika. Nililia Minnesota huku Mama Haruko akilala kwenye kiti kando ya kitanda cha mwanangu. Sasa nimekuja na Neema nimwambie asante uso kwa uso. Hilo tu. Mengine ni utalii.

Na sentensi nilikuwa nayo! Neema alinifundisha kwa Kijapani: "Ulimlea mwanangu kama wako." Nimeikariri garini nikienda zamu hospitalini Maplewood, pamoja na kule kuinama kwao kwa heshima. (Siku moja kwenye taa nyekundu niliinama mpaka nikapiga honi kwa paji la uso.)

Asubuhi tukaenda kuona ngome ya zamani. Nzuri, ila ngazi zake! Kule juu watalii wenzangu walikuwa wakitafuta historia, mimi natafuta kiti. Tukashuka sokoni, ndiko tulikoahidiana kukutana na Mama Haruko. Soko lenyewe limeezekwa paa, safi kuliko jikoni kwangu. Nikala pweza wa kwenye kijiti. Nikala mayai ya kukunjwa, matamu kama keki. Nikala na kitu ambacho Neema alikataa kabisa kuniambia ni nini. Midomo ikiwa bado inang'aa mafuta, nikamwona.

Mama mfupi, kofia ya rangi ya krimu, miwani, barakoa usoni. Kama kabisa kwenye picha aliyonitumia Neema! (Kwenye picha hana barakoa. Haya mambo mtu huyakumbuka baadaye.) Mkononi ana mfuko mzito. Neema alikuwa nyuma, kwenye foleni ya chai.

Sasa niambieni, mama aliyekulelea mtoto anakuja na mzigo, wewe utasimama unamtazama? Nikapiga vigelegele. Soko zima likageuka. Nikamkimbilia, nikamkumbatia, na sentensi yangu ikatoka yote bila kukwama hata neno moja, na machozi juu. Kisha nikashika ule mfuko nimpokee.

Hakuuachia.

Mimi nikajua ni adabu. Hata kwetu mtu hukataa kwanza, "Aa, wacha tu, si mzito." Nikavuta. Akavuta. "Leta, mama!" nikamwambia kwa Kiswahili, maana Kijapani changu kilikuwa kimeisha. Nikaushika kwa mikono miwili, nikatumia ile nguvu ya kuinua wagonjwa.

"Mum!" Neema anakuja mbio na vikombe viwili, chai inamwagika. "Mum, that's not her!"

Mfuko ukapasuka. Mayai yakaenda chini. Samaki mmoja akateleza mpaka uvunguni mwa meza ya muuza pweza, yule yule aliyenilisha. Na yule mama wa watu, mnajua alifanya nini? Aliinama. Mara ya kwanza, mara ya pili, anasema maneno taratibu.

"Anasemaje?" nikamuuliza Neema.

"Anasema sorry sana," Neema akajibu akiwa amejificha nyuma ya kikombe. "Hakumbuki mlimeet wapi."

Jamani! Nimemvunjia mayai, na ni yeye anayeomba msamaha!

Nikapiga magoti niokote samaki. Nikiwa huko chini nikaona viatu vidogo vyeusi vimesimama mbele yangu. Nikainua macho. Mama Haruko. Wa kweli. Hana hata kofia.

Nikatafuta sentensi. Haipo. Nilipekua kichwa chote, nikakuta mayai tu. Mtu amemlea mwanangu mwaka mzima, amelala kwenye kiti hospitalini kwa niaba yangu, na mimi niko sakafuni na samaki mkononi. Nikasema, "Arigato." Basi. Asante tupu, neno ambalo hata mtalii anayepewa kijiko hulisema.

Hakucheka. Alipiga magoti kando yangu, tukaokota maganda pamoja. Tulimnunulia yule mama mayai mengine na samaki mwingine. Alikataa, Mama Haruko akamsihi, akakataa tena, mwishowe akapokea. (Kumbe na wao hukataa kwanza. Tofauti ni kwamba hawavutani.)

Jioni stesheni, wakati wa kuagana, nilimnong'oneza Neema anikumbushe ile sentensi. Sikutaka kuondoka bila kuisema.

"Mum, aliisikia," akaniambia. "Yote. Ulikuwa unamwambia yule mwingine, but she was right there behind you."

Nilifurahi, na niliumia. Shukrani niliyoibeba kutoka Minnesota nilitaka aipokee mkononi mwake, si asimame kando aione ikipewa mpita njia. Nikaisema tena, nusu nimeikosea. Akaitika kwa kichwa, akanishika mkono, treni ikaja. Mpaka sasa niko hotelini naitafuta ile ya mchana, ilivyotoka vizuri.

Jumamosi mnakuja kunipokea uwanja wa ndege. Asicheke mtu, nawaomba. Na kabla ya kushika mzigo, hakikisheni ni mimi.