Siku Kompyuta Yangu Iliponukia Pilau

Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi ya leo nilikuwa bado mtu anayeheshimika katika mtaa huu. Saa sita kasoro robo nilikuwa nimeshaumbuka. Ndugu zangu wa barua pepe, nawaandikia yote kwa mfuatano, ili atakayenicheka asicheke kwa kubahatisha.

Kazi yangu mnaijua. Nina ofisi ya chumba kimoja nyuma ya soko, hapa Mwanza mjini: kuchapa barua, kudurufu, kutoa fotokopi. Tangu biashara huria iruhusiwe nchini na kompyuta za mitumba zianze kuja kutoka Dubai, ofisi kama yangu zimekuwa tatu kwenye mtaa huu mmoja. Wenzangu wawili wana mashine mpya kuliko yangu. Yangu ina mwendo wa megahezi 166 tu. Ukiiambia ichore mchoro wa fizikia unaweza kwenda kununua gazeti, ukarudi, ukaikuta bado inafikiri.

Wiki iliyopita alikuja Mwalimu Tabitha. Yeye ndiye anayesimamia mtihani wa majaribio wa kidato cha nne kwa shule sita za upande wa Kiseke, na alikuwa anatafuta ofisi ya kuuchapa wote, masomo yote. Kazi ya wiki mbili. (Mimi katika wiki mbili zilizopita nimechapa kadi za harusi moja na barua ya kuomba kazi ya ulinzi.)

"Bwana Masanja," alisema, "nataka vitu viwili tu. Haraka na utulivu. Mwaka jana mtihani ulivuja, na mpaka leo nanyooshewa vidole mimi. Nataka mahali ambapo hata inzi hana sababu ya kuingia."

"Mwalimu, hapa haingii mtu," nikamjibu. (Ni kweli kabisa. Ndiyo shida yangu.)

Tukakubaliana aje leo saa tano na nusu na kurasa mbili za kujaribia. Nikizitoa mbele yake kabla ya saa sita, kazi ni yangu.

Utulivu ninao wa kutosha. Nilichokosa ni haraka. Basi nikaamua kuiongezea mwendo prosesa, yaani ubongo wa kompyuta.

Kwa asiyejua: kwenye ubao wa ndani wa kompyuta kuna vijisindano vyenye vifuniko vidogo vya plastiki, vinaitwa jampa. Ukihamisha kifuniko kutoka mahali fulani kwenda pengine, prosesa ya 166 inaanza kukimbia 200. Hulipi senti. Inakudai joto tu. Haya nimeyasoma miezi miwili katika magazeti ya kompyuta niliyoyanunua kwa kilo kwa mama wa vitumbua, ambaye alikuwa anayafungia vitumbua.

Sikukurupuka! Niliandika hatua za usalama kwenye daftari, hatua kumi na nne. Chomoa umeme. Shika chuma kwanza, uondoe umeme wa mwilini. Nakili kazi zote kwenye disketi. Panda ngazi moja ya mwendo, usiruke mbili. Pima joto kila baada ya dakika tano. Na hatua ya tisa: paka grisi ya kupitisha joto kati ya prosesa na bati lake la kupoozea.

Hatua ya tisa ndiyo iliyonimaliza.

Grisi hiyo mjini hapa haipatikani. Fundi redio mmoja alinionyesha tyubu yake, imekunjwa hadi shingoni. Nikaanza kupima mbadala. Grisi ya magari: ina vumbi la chuma, hatari. Dawa ya meno: ina maji, hatari. Samli: haina maji, haina chumvi, inavumilia joto. Nikaiwekea alama ya vema.

Alfajiri, nyumbani Mkolani, mke wangu alinikuta jikoni na kopo mkononi.

"Baba Neema, unaenda wapi na samli ya mama?"

"Kazini."

"Utaila na nini?"

"Siili. Ni ya kompyuta."

Mama Neema ni muuguzi, amezoea kusikia mambo ya ajabu bila kupandisha sauti. "Na kipimajoto changu?"

"Cha kompyuta pia."

"Haya. Ikipita thelathini na tisa, ikande na kitambaa cha maji."

Nikacheka, nikaondoka. Sikukumbuka jambo moja: samli ya mama mkwe wangu si samli tu. Anaiyeyushia kwake Usagara, na majirani zake wa pale njia panda walimfundisha zamani kuitia iliki, karafuu na kitunguu cha kukaanga. Ukifungua kopo unasikia Iddi.

Basi, saa mbili na dakika kumi na mbili nilifungua kompyuta. Hatua ya kwanza hadi ya nane zilikwenda salama. Ya tisa, gazeti liliandika upake "kiasi kidogo". Mimi maneno yasiyo na kipimo siyapendi. Nikapaka kijiko kimoja cha chai, nimekisawazisha kwa rula.

Mfuniko wa kompyuta sikuurudisha, ili ipumue. Nikafungua dirisha la nyuma linaloelekea ziwani, nikaweka feni ya mezani mbele yake, ikipuliza juu ya kompyuta kuelekea mlango wa barabarani. (Hatua ya kumi na mbili. Nilijisifu sana kwa hiyo.)

Saa tatu na dakika ishirini nikawasha. Kioo kikaandika: 200. Nilipiga makofi peke yangu! Mchoro wa fizikia uliokuwa unachukua sekunde arobaini na tisa ukachukua arobaini na moja. Nikarudia mara sita. Kila mara arobaini na moja.

Baada ya hapo sikuweza kukaa. Nikakaa, nikasimama. Nikafagia palipofagiliwa. Nikapima joto: zebaki ikapanda moja kwa moja hadi mwisho, maana kipimajoto cha homa kinaishia arobaini na mbili. Nikaandika kwenye daftari "42 au zaidi". Dakika tano baadaye, "42 au zaidi". Nikagusa bati kwa kidole: la moto, lakini kidole kinavumilia. Nikatazama saa. Nikatazama barabarani. Saa nne kasoro dakika nane. Muda ulikuwa umegoma.

Nilisikia harufu, sikatai. Nikasema moyoni, leo kuna jirani amejipanga. Baada ya nusu saa pua ikazoea, nikasahau.

Saa tano upepo wa ziwani ukaanza kuvuma, ukaingia dirishani, ukashirikiana na feni.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Shabani, fundi bati wa upande wa pili wa barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja."

Akakaa kwenye benchi langu la nje. Wakafuata wachuuzi wawili wa vitenge. Kisha waendesha mikokoteni. Kisha akina mama watatu, mmoja na mtoto mgongoni. Kila aliyefika alisalimia kwa adabu na kukaa. Benchi lilipojaa wakakaa kwenye msingi wa ukuta. Nikafurahi. Wateja!

"Mna kazi ya kuchapa?"

"Hapana," akajibu mwendesha mkokoteni mmoja. "Wewe endelea tu, usijisumbue."

Saa tano na dakika ishirini niliwahesabu: kumi na watatu. Roho ikaanza kupaa. Nikamwinamia Mzee Shabani. "Mzee wangu, mnangoja nini?"

"Tunangoja utaratibu wako. Sisi hatuna haraka."

(Ninyi mnaonisoma mmeshaelewa. Mimi nilikuwa sijaelewa. Nilidhani labda kuna mkutano wa kodi ya soko.)

Mwalimu Tabitha alifika saa tano na nusu kamili, na mkoba ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Ilibidi aruke miguu ya watu.

"Bwana Masanja, hawa ni nani?"

"Wapita njia, Mwalimu."

"Mbona wamekaa?"

"Wamechoka."

Alinitazama kidogo, akavuta hewa puani, akanipa kurasa mbili: moja ya Kiswahili, moja ya fizikia yenye mchoro. Nikaketi. Ndugu zangu, mashine iliruka! Sijawahi kuiona hivyo. Vidole vyangu ndivyo vilivyoachwa nyuma. Saa tano na dakika arobaini karatasi zote mbili zilikuwa mezani, safi, mistari imenyooka. Mwalimu Tabitha akaziinua, akazisoma, akatabasamu. Akafungua mkoba na kutoa mtihani wenyewe, mzigo mzima, akauweka mezani kwangu.

Hapo ndipo Mzee Shabani aliposimama mlangoni. Mikono yake ilikuwa inachuruzika maji.

"Mwanangu, samahani kwa kukuingilia. Watu wameshanawa."

"Wamenawa nini?"

"Mikono. Na pilau likikaa sana motoni linashika chini. Hilo nakwambia kwa nia njema."

Nikamtazama yeye, nikatazama kompyuta, na pua yangu ikazinduka baada ya saa mbili za usingizi. Iliki. Karafuu. Kitunguu. Samli ilikuwa imeyeyuka, imechuruzika hadi kwenye vifaa vingine vya moto vya pembeni yake, inakaangika polepole mbele ya feni!

"Mzee," nikasema, "hakuna pilau."

"Usitufanyie hivyo."

"Hakuna! Ni kompyuta."

Lilikuwa kosa kusema hivyo, maana wote kumi na watatu waliingia kuiona. Chumba changu kina hatua nne kwa tatu. Nikasogeza feni, nikawaonyesha prosesa, nikaanza kueleza habari ya kupitisha joto. Mwendesha mkokoteni akachovya kidole pembeni ya bati, akalamba.

"Samli kweli. Tena ya ng'ombe wa kienyeji."

Mzee Shabani akainama, akachungulia ndani ya kompyuta kwa muda mrefu, akauliza kwa upole, "Sasa nyama umeiweka wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Na katikati ya kicheko nikasikia sauti nyuma yangu ikisoma kwa nguvu, kama mtu wa redio. Mchuuzi mmoja wa vitenge alikuwa ameokota ukurasa mezani.

"Swali la kwanza! Andika insha isiyopungua maneno mia tatu kuhusu faida za ziwa!"

"Samaki," akajibu Mzee Shabani.

"Na maji ya kunywesha ng'ombe," akasema mama mwenye mtoto.

"Usisahau usafiri wa meli!"

Mwalimu Tabitha hakupiga kelele. Alimnyang'anya mchuuzi ukurasa, akakusanya karatasi zake moja moja, akazihesabu mara mbili, akafunga mkoba. Mlangoni akageuka.

"Bwana Masanja, haraka nimeiona. Mwaka jana ulivuja baada ya siku tatu. Wewe umeweza kwa dakika kumi na tano."

Akaondoka. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

Nilidhani na wengine wataondoka. Hawakuondoka. Walisimama, mikono mbele, isiguse nguo.

"Mzee, nimewaeleza, chakula hakipo."

"Tumekuelewa vizuri, mwanangu. Lakini mtu aliyekwisha kunawa haondolewi mlangoni. Wewe ni Msukuma, hilo si la kufundishwa na mimi."

Ningefanyaje? Nikaenda kwa mama ntilie wa kona, nikaagiza sahani kumi na tatu za wali na maharage, shilingi mia tatu kila moja. Walikula kwenye benchi langu, wakanishukuru, wakaniombea dua. Mama mwenye mtoto alisema maharage hayakulingana na harufu.

Sasa ni saa tisa. Nimeipangusa prosesa kwa spiriti, nimerudisha mfuniko, na haya naandika kwenye kompyuta hiyohiyo. Jioni nitaipeleka disketi kwenye ofisi yenye intaneti. Kwa faida ya wenye kujifunza: haikuzima hata mara moja. Bado inakimbia 200. Hatua zote kumi na nne za usalama zilikuwa sahihi kwa upande wa kompyuta. Kwa upande wa binadamu sikuandika hata moja.

Kazi ya Mwalimu Tabitha ingeniachia elfu tisini na sita baada ya kutoa karatasi na wino. Ongezeni chakula cha mchana cha watu kumi na watatu. Kwa hiyo anayetaka kucheka acheke, ila mkisimulia msinizidishie chumvi mkasema nimepoteza laki nzima. Nimepoteza shilingi 99,900.