Kituo cha Kusalimiana

Idara ya Mtiririko wa Magari katika Majengo ya Biashara inawatangazia wananchi wote wa Micheweni kwamba chanzo cha msongamano kwenye jengo jipya la maduka kimepatikana. Si ubovu wa barabara. Si uchache wa mageti, kwani yapo mawili, la kuingilia na la kutokea. Chanzo ni salamu.

Aliyegundua ni Bwana Haidar, Kaimu Mkurugenzi, na aligundua kisayansi: aliweka kiti cha plastiki karibu na geti, akatazama. Kirikuu ya muhogo ikasimama ubavuni mwa gari ya samaki, dirisha kwa dirisha.

"Sabalkheri, Ame."

"Sabalkheri. Kwenu wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi. Mama na mguu wake vipi?"

Mguu ule ulikuwa na habari ndefu. Foleni ikafika barabarani, na hakuna aliyepiga honi, maana wote walitaka kujua hali ya mguu.

Roho ilimuuma Haidar. Neno Kaimu lilikuwa limemganda siku nyingi, na Kamishna alikuwa anakuja kutoka Unguja kulifungua jengo. Magari yakitiririka, Kaimu ingeondoka. Yakikwama, angeondoka Haidar.

Idara ikapiga marufuku salamu getini. Mwenye haja ya kusalimia aende Kituo cha Kusalimiana, nyuma ya vyoo, palipowekwa mabenchi mawili na kibao.

"Gari ikija, ipungie mkono ipite," Haidar alimwagiza mlinzi, Mzee Pandu. "Hakuna salamu."

"Hata mtu mzima, bwana?"

"Hata mtu mzima."

"Na mgeni je?"

"Mtiririko haubagui, Mzee Pandu."

"Haya. Allah atusitiri."

Siku ya ufunguzi magari yalipita laini kabisa. Ummkulthum wa duka la vitenge alipishana na kaka yake wa tumbo moja, kila mmoja akakaza macho mbele. Haidar nusura alie kwa furaha. Akaenda kumsubiri Kamishna Kituoni, maana sheria ni msumeno na yeye ndiye aliyeunoa.

Gari ya Kamishna ikafika. Kioo kikashuka, mkono ukatoka, tayari kushikwa. Mzee Pandu akaupungia. Ndani ya geti, watumishi wa idara walikuwa wamejipanga mstari, kimya, wameinamisha vichwa wasije wakamsalimia mtu kwa bahati mbaya. Dereva akafuata mishale iliyochorwa chini, akaukata utepe kwa boneti, akatokea geti la pili.

Haidar alitimka mbio. "Mheshimiwa! Asalaam..." Akalimeza neno. Alikuwa getini.

Akapiga simu tena na tena. Ilipopokelewa, nyuma zilisikika sauti za kina mama wakimuuliza Kamishna hali ya watoto wake.

"Niko kijiji cha jirani, Mgogoni, nakunywa chai," alisema Kamishna. "Nimewaona wenzako. Poleni sana kwa msiba."

"Msiba gani, Mheshimiwa?"

"Watu wameinama, kimya, hata salamu hawana! Nimewaombea dua nikapita. Mambo ya vyeo tumeyaweka kando kwanza, haifai kukusumbua na majonzi hayo. Na watu wa hapa nimeshawaambia. Wanakuja."

Walikuja kweli. Kwa msiba, Mpemba haambiwi mara mbili. Zikaja kirikuu, vespa, magari ya ng'ombe, lori la mchanga na mchanga wake. Mageti yote mawili yakaziba. Mzee Pandu alipunga mkono hadi ukachoka, akaamua kukaa.

Haidar akakalishwa kwenye benchi la Kituo chake, watu wakapanga mstari kumpa mkono. Bibi mmoja wa Mgogoni akamshika mabega yote mawili.

"Pole, mwanangu. Mie nimekuja mbio hata sikuuliza. Kafa nani?"

Haidar akaitazama foleni, haikuwa na mwisho.

"Mkurugenzi, bibi."

"Maskini! Kaishika kazi muda mrefu?"

"Hakuwahi kuteuliwa."