Filamu ya Kuku na Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 9 Juni

Asubuhi ya mawingu, manyunyu kidogo, upepo hakuna. Kalamu zangu zimeguswa tena! Nyekundu imelala kwenye nafasi ya bluu. Nimeuliza nyumba nzima. Wameendelea na chai.

Habari kubwa: nimeteuliwa mwamuzi wa tuzo ya vijana ya filamu za hali halisi, kanda nzima! Waamuzi ni wanafunzi watano. Filamu zimeletwa kwa namba, bila majina, ili tusipendelee mtu. Mwalimu mlezi kauliza nani ana ndugu shindanoni. Wakati huo nilikuwa nafunga kamba za viatu. Kwa bidii.

Maana dada yangu kashiriki. Mshindi anapata kamera na mwaka mzima wa mafunzo, analala hukohuko chuoni. Dada anaitaka nafasi hiyo mpaka anaiota. Mimi nakitaka kitanda chake. Kiko dirishani. Changu kiko nyuma ya mlango, na kila anayeingia hunigonga kisigino. Damu ni nzito kuliko maji, na dirisha ni dirisha.

Tatizo: dada hasemi filamu yake inahusu nini. Eti nitaona kama wengine. Lakini mimi si mtoto mdogo. Miezi yote hii amekuwa akirudi na vinyoya vyeupe kwenye sweta. Kuku!

Jumanne, 10 Juni

Jua kali. Tumetazama filamu zote katika maabara ya shule, mapazia chini. Namba nne: banda la kuku! Moyo uliruka. Kuku wanakula. Kuku wanakimbia. Kuku mmoja anaikodolea kamera kana kwamba anaidai. Nimempa dada alama zote, hata za sauti, ingawa upepo ulivuma hadi kuku hawasikiki.

Namba mbili: kufua mashuka ya hospitali. Mvuke tupu, mikono yenye glavu, mama mmoja kafunikwa barakoa mpaka machoni. Anakunja, anakunja. Mama yetu hufanya kazi hiyohiyo kila siku na hakuna aliyewahi kumpiga picha, kwa hiyo haina mvuto. Halafu mapumziko, anapiga simu nyumbani, na kwenye spika binti fulani anafoka kwamba vitu vyake vimeguswa. Nikaandika kwenye maoni: Binti ana hoja, lakini sauti yake ni kama bawaba isiyotiwa mafuta. Ikatwe.

Mwenyekiti wetu, mvulana tunayemwita Msomi kwa sababu hutafuna penseli, kalia machozi. Kwa mashuka!

Jumatano, 11 Juni

Mawingu tena. Nimenunua biskuti. Waamuzi watatu waliobaki wamekula, wametikisa vichwa, wamekubali kwamba kuku ni kioo cha jamii. Msomi hakula. Kaniuliza mbele ya wote, "Wewe mwenzetu, una hisa kwenye hilo banda?" Nimemjibu kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Nimetoka kwa heshima, nikagonga kiti.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua. Kura zimepigwa. Namba mbili: kura nne. Namba nne: kura moja, yangu. Biskuti zimeliwa, kura zimeota mbawa! Mmoja wao kaniambia biskuti zilikuwa laini, ila mashuka yalimgusa zaidi.

Jioni dada kaniuliza kwa upole kama kuna matumaini. Nikamwambia avute subira. Kakunja nguo zake zote, kisha akazikunjua. Sikuweza kumtazama. Nimelala nyuma ya mlango.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nyeupe, baridi ya kuvaa sweta. Ukumbi ulijaa. Kabla ya kutangaza mshindi, Msomi kasoma maoni ya waamuzi. Mengine mazuri. Halafu, kwa sauti ya mahubiri: bawaba isiyotiwa mafuta. Ukumbi ukaangua kicheko. Dada kageuka taratibu kunitazama. Mama kajifunika uso kwa mtandio, mabega yanatikisika.

Wakaonyesha kipande chenyewe. "Nani kagusa kalamu zangu? Nimezipanga kwa rangi!"

Kalamu. Kwa rangi. Nilitamani ardhi inimeze.

Jina lililotangazwa ni la dada. Kapanda jukwaani akilia, kamera mkononi. Vile vinyoya, kumbe, ni nyuzinyuzi za mashuka.

Njiani nilimwomba msamaha. Kasema hata yeye alitaka kuikata ile sauti, ila mama alikataa katakata. Mama akadakia, "Mwanangu, nikiisikia hiyo, najua nyumbani wazima. Siku ukinyamaza ndipo nitakapoogopa." Nikambebea mkoba. Kwa hatua chache.

Nimetafakari. Kwanza, sauti ile si yangu, ni ubovu wa spika. Pili, kama nisingempinga Msomi, asingeipigania namba mbili kwa nguvu zile. Kwa hiyo ushindi ni wangu. Tatu, mwakani nitagombea uenyekiti. Rafiki wa dada naye anataka kushiriki, na leo kaja na matope kwenye viatu. Mfinyanzi, bila shaka. Filamu ya vyungu nitaitetea mpaka mwisho.

Dada kanipisha kitanda mapema. Dirisha halifungi vizuri, lakini sikusema. Kalamu zimeguswa tena! Hilo nimelisema. Mama kacheka huko jikoni, sijui kafurahia nini.

Nazima taa saa nne na robo.