Buti la Katibu

Jumanne ya tarehe kumi na tisa Agosti, saa tatu asubuhi, usalama uliingia rasmi kijijini Ubena, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Uliletwa kwa kipaza sauti na Bwana Feisal, Katibu wa Kamati ya Safari Salama za Silaha. Kila mwenye bunduki ya kibali aifikishe kituo cha polisi Dunda, Bagamoyo mjini, ikakaguliwe kabla ya Ijumaa kwisha. Isiyofika itachukuliwa. Isafiri bila risasi, ndani ya mfuko wenye kufuli, kwenye buti la gari. Risasi zikae mbali nayo.

Mpaka hapo Mzee Mwinyijuma aliona anasema mtu mwenye akili zake. Akasubiri.

"Na ufunguo," Katibu akamalizia, "usipande gari moja na bunduki. Abaki nao mwenyewe."

Bunduki ya Mwinyijuma ndiyo iliyowazuia nguruwe wasimalize mihogo yake. Zamani marehemu mkewe, Mwanajuma, aliwafukuza kwa kupiga debe. Siku Mwanajuma alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwa limewapeleka wakubwa semina. Tangu hapo debe halina mpigaji.

Akamwendea Najim, dereva teksi.

"Shikamoo mzee wangu. Buti langu limejaa mtungi wa gesi. Si ndo walitwambia tufunge gesi badala ya petroli? Bunduki tuikalishe siti ya mbele, tuipige mkanda."

"Marahaba. Wamesema buti, Najim."

"Basi omba kwa wakubwa. Wale mabuti yao matupu, wanabebea hewa."

Alhamisi, Katibu alipokuwa akirudi Bagamoyo, Mwinyijuma akamsimamisha kwa adabu. Mheshimiwa, buti tupu hapa Ubena ni lako peke yako. Katibu akafurahi. Itakuwa safari ya mfano, akasema, akapigwa picha akilifunga buti kwa mkono wake.

Akatangulia na bunduki. Mwinyijuma akafuata nyuma kwa bodaboda na kibali, ufunguo, na risasi nne ndani ya kikopo cha majani ya chai. Mwanajuma hakupata gari, bunduki imepata lenye kiyoyozi.

Kwenye kizuizi cha polisi barabarani, Sajini Adila akaomba kuona buti.

"Hii bunduki ya nani?"

"Ya Mzee Mwinyijuma."

"Yuko wapi?"

"Anakuja kwa pikipiki."

"Kibali?"

"Anacho yeye."

"Ufunguo wa mfuko?"

"Kwa mujibu wa kanuni, anao yeye."

"Sasa wewe baba una nini?"

"Nina kanuni."

"Haya. Keti pale benchi na kanuni zako."

Mwinyijuma alipofika, Sajini akapiga simu Dunda. Wakamwambia akague yeye, yaishe. Akafungua mfuko, akalinganisha namba na kibali, akaandika: silaha haina risasi, iko salama, mwenyewe aendelee nayo. Wakamrudisha Ubena kwa gari la polisi, yeye na bunduki yake. Lilikuwa gari la kwanza la serikali kumbeba mtu wa nyumba ile.

Katibu akabaki benchi, kwa kubeba bunduki isiyo yake. Sajini hana kinyongo naye. Anataka barua tu ya kuthibitisha kwamba safari ilikuwa halali, na barua ya namna hiyo, kwa kanuni alizoziandika mwenyewe, husainiwa na Katibu peke yake, akiwa ofisini kwake. Kamati imekaa mara mbili pale kizuizini kujadili, na Najim kila akipita na abiria hupunguza mwendo akawauliza wajumbe lile lile: sasa atafikaje ofisini?