Mto Ulionyooshwa kwa Waraka

Kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Agosti, umma ulitangaziwa kwa heshima zote, Mto Nettle umenyooka.

Waraka ulibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kaunti, ukasomwa redioni baada ya bei ya mahindi na nguruwe, na kwa kuwa ulikuwa na mhuri, haukuhitaji ushahidi mwingine. Kamati ya Mto ilikuwa imegundua kwamba kutoka daraja la juu hadi daraja la chini ni maili nne kwa barabara, ilhali mto unatumia maili kumi na moja, ukizungukazunguka mashamba ya watu kama mlevi anayetafuta nyumba yake. Hayo, alisema mwenyekiti Duane Kloster, ni matumizi mabaya ya maji ya umma. Ramani mpya ikachorwa kwa rula.

Aliyeumia ni Arlys Tjaden, mjane aliyekuwa akikodisha mitumbwi na mipira ya matairi ya trekta pale daraja la juu kwa miaka ishirini na sita. Kila Jumamosi watu walishuka kutoka jiji la Des Moines na watoto wao na bia zao, wakaelea, wakavua kambare, wakala kwenye mafungu ya mchanga, na baada ya mwendo wa saa tano wakaibukia daraja la chini wamebabuka kwa jua na roho zimetulia. Kwa ramani mpya, safari hiyo ilikuwa ya saa moja na nusu. Arlys akaandikiwa barua kwamba anawachelewesha wageni kwa makusudi, hivyo kibali chake kitafutwa.

Alikwenda kikaoni akazitaja kona zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetaja wajukuu. Kloster alimsikiliza kwa subira ya mtu aliyekwisha amua.

"Mama Tjaden," akasema, "kona zilikuwepo. Kamati haikatai historia."

"Duane, wewe mwenyewe ulinusurika kuzama kwenye kona ya tatu. Tulikuvuta kwa nywele, ulipokuwa nazo."

"Hayo yaandikwe kama maoni ya umma," Kloster akamwambia katibu.

Ili kumaliza ubishi, akatangaza kwamba Jumamosi atapiga kasia mwenyewe. Ataondoka saa tatu asubuhi, na saa nne na nusu atakata utepe daraja la chini, mbele ya bendi ya shule.

Siku hiyo Arlys aliwavalisha maboya Kloster na katibu wake, Wendell Oonk. Akawaonya kwamba Agosti maji ni machache. Akawapa mikate ya nyama ya nguruwe. Kloster akajibu kwamba saa moja na nusu haihitaji chakula. Wendell aliitazama ile mikate kwa huzuni, kisha wakaondoka.

Kufikia saa sita bendi ilikuwa imerudia nyimbo zake zote mbili mara tisa. Saa saba watu walianza kula pai ya sherehe. Saa nane redio ya naibu wa sherifu ikakoroma: ni Jolene, msichana wa simu za dharura, na kwenye laini alikuwa mjomba wake mwenyekiti. Watu wote darajani wakasogea kusikiliza.

"Niko kwenye kona, mtumbwi umekwama," ilisema sauti ya Kloster. "Ng'ombe wananitazama."

"Mjomba, mashine haikubali kona. Taja maili."

"Ya nane."

"Mto unaishia maili ya nne. Uko nchi kavu?"

"Niko juu ya mchanga, Jolene."

"Basi hiyo si dharura ya majini."

Watu walicheka, lakini Arlys, aliyekuja daraja la chini kwa barabara akikokota boti yake, hakucheka. Alilijua lile jua, na alimfikiria Wendell, mwembamba kama ufito, hana hata kofia. Akamwomba naibu ile redio.

"Duane, ni mimi. Boti yangu bapa inafika hapo kwa dakika ishirini. Lakini siwezi kwenda kwenye kona ambayo haipo. Watanifutia kibali."

Kisha wakasikia Kloster akimuuliza Wendell kama watu wawili wanatosha kwa kikao cha dharura, na Wendell, kwa sauti iliyokauka, akisema kanuni zinaruhusu. Muhtasari ukaandikwa juu ya goti: wajumbe wawili, ng'ombe saba wasio na haki ya kupiga kura, waraka umefutwa. Arlys alikwisha washa injini kabla hawajafika kwenye sahihi.

Kwa sheria, kila muhtasari lazima utaje mahali kikao kilipofanyika, na kila mahali paliposajiliwa lazima paingie kwenye ramani. Kwa hiyo ramani ya sasa ya Mto Nettle ina kona kumi, kwa wino mweusi, na ya kumi na moja kwa wino mwekundu: Kona ya Kloster, maji haba. Mwenyekiti aliitia sahihi mwenyewe.

Arlys huwaambia wageni anapowasukuma majini: "Mkifika kwa Kloster, shukeni mkokote. Hapo hakuna kinachosogea chenyewe."