Kikapu Chenye Mkono wa Shati

Leo nimeumbuka. Jioni hii barazani msinitazamie, na atakayekuja kunigongea mlango ajue nimelala. (Sijalala. Nimejifungia chumba cha cherehani na ninaandika haya ili mkisikie kisa kutoka kwangu mwenyewe, kabla hakijakufikieni kwa watu wa Darajani, ambao saa hizi watakuwa wameshakitia chumvi na pilipili.)

Nianze asubuhi. Kama mnavyojua, leo alasiri wageni walikuwa waje kutoka Mtoni kumposa binti yangu Zuwena. Kijana mwenyewe tumeshampenda. Zuwena naye kampenda, ingawa ukimuuliza anatazama dari. Kilichobaki ni wazee wa kijana kuja, kukaa, kunywa chai, kusema maneno yao na kuondoka wameridhika. Chai! Na nyumba nzima haikuwa na sukari hata ya kumdanganya sisimizi.

Habari ya sukari sina haja ya kukuelezeni. Redio imetwambia binadamu wamekwenda mwezini, wametembea na wamerudi salama, lakini sisi hapa Mkunazini kujua kama dukani kuna sukari lazima tumtazame jirani katoka na kikapu au hakutoka. Jana msikiti mzima ulikuwa unanong'ona: imeteremshwa bandarini, kesho inagawiwa, ratili mbili kwa kila mtu. Nani kasema? Hakuna anayejua. Wote tunaamini.

Tulipokuwa tukinywa chai ya asubuhi (bila sukari, tumeinywa kama dawa), mke wangu Bi Rukia akanambia, "Sukari niachie mie. Wewe kaa umalize kanzu ya watu."

"Utaipata wapi?"

"Nshakwambia, niachie mie."

Hapo nikapandwa na hasira. Niachie mie ndio nini? Nikajua tu atakwenda kuomba kwa majirani, kikombe huku, nusu kikombe kule, mpaka mtaa mzima uimbe kwamba Fundi Haji anaozesha binti kwa sukari ya kuazima. Mimi! Nikangoja aingie jikoni kusaga mchele wa mkate wa kumimina. Nilitaka kuvaa shati langu la mistari ya buluu nitoke kiungwana, nikalitafuta, sikulipata. Shati hilo nalitafuta tangu Ramadhani. (Likumbukeni shati hilo.) Basi nikavaa lililokuwepo, nikakiteremsha kikapu chetu msumarini, nikatoka kimya kimya.

Nilifika dukani Darajani mlango bado umefungwa, na foleni imeshazunguka pembe ya nyumba. Lakini foleni gani! Watu haba, vikapu tele. Vikapu vya ukili, mapakacha, ndoo iliyotoboka, jiwe lililoviringishwa kitambaa, na kiatu kimoja cha mguu wa kushoto. Ndio mtindo wetu siku hizi. Mwanamke anaamka alfajiri, anaweka kikapu, anarudi nyumbani kupika, na duka likikaribia kufunguliwa anakuja kusimama penye kikapu chake kama vile hakuondoka.

Nyinyi mnanijua. Jambo hili linanikera tangu lilipoanza, na barazani nimeshalisemea mpaka mkaanza kukohoa. Watu wazima tunakaa tunalalamika hakuna mpango, hakuna utaratibu, kisha wenyewe tunakwenda kumpangisha foleni kiatu! Nikasimama nyuma ya wote, damu inachemka.

Mbele yangu alikuwepo bwana mmoja mrefu, kashika baiskeli, simjui. Akanigeukia. "Yakhe, hapa tutapata kweli? Mbele yetu naona vikapu tu."

"Hatupati," nikamjibu. "Kikapu kinakunywa chai?"

"Hakinywi."

"Kina miguu?"

"Hakina."

"Basi kimesimamaje foleni?"

Akacheka. Wawili watatu wakageuka kusikiliza. Na mimi, jamani, mtu akishanisikiliza tu, nimekwisha. Nikatoka kwenye foleni nikapanda kwenye ngazi ya duka. Pale palikuwa pamekaa Bi Kiboga, yule bibi wa mtaa wa pili, ambaye kina mama humwachia avitazame vikapu vyao.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu."

"Vikapu hivi vya nani?"

"Vya wenyewe."

"Na wenyewe wako wapi?"

"Majumbani mwao. Wee ulitaka walale hapa?"

Watu wakacheka, na kicheko kile kilinigeukia vibaya. Nikaona hapa nisiposema neno nitaondoka mdogo. Nikasema kwa sauti ambayo mpaka leo sikujua ninayo: "Jamani! Foleni ni miguu! Asiye na miguu hapa hana zamu!"

"Umesema kweli, bwana!" yule wa baiskeli akaitikia.

"Foleni ni miguu!" wakapokea wengine. (Bila shaka wakapokea. Wote walikuwa nyuma ya vikapu.)

Basi nikaanza kazi. Kimoja baada ya kimoja nikivitoa na kuvipanga kando ya ukuta, na kila nikitoa kimoja wenye miguu wanasogea mbele wananiombea dua. Nakuambieni kweli, nilijisikia vizuri. Nilijiona kama ningepewa Unguja nzima kwa wiki moja tu, ingenyooka.

Nikafika kikapu cha tatu kutoka mlangoni. Kikapu kizee, kishikio chake kimekatika na mahali pake pamefungwa mkono wa shati. Mkono mzima, umepauka, na tundu lake la kifungo bado lipo.

"Hicho kiache," akasema Bi Kiboga.

"Kwa nini? Kina cheo?"

"Kiache tu, mwanangu. Nakwambia kwa wema."

Mngelifanya nini nyinyi? Mimi niliona hapa ndipo upendeleo ulipojificha. Nikakinyanyua juu watu wote wakione. Na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani, na kwa kuwa watu walikuwa wakinisikiliza, nikaongeza na langu la ufundi.

"Hebu tazameni mshono huu! Tundu la kifungo limekwenda upande. Aliyeshona shati hili alikuwa anasinzia, na aliyelivaa alikuwa hana mke wa kumwambia!"

Kicheko! Bwana wa baiskeli alijiinamia juu ya usukani. Nikakirusha kikapu pembeni, kikabingirika mpaka miguuni pa Bi Kiboga. Bi Kiboga hakucheka. Alikiinua, akakipangusa vumbi, akakipakata. (Hapo ningekuwa na akili ningekwenda zangu nyumbani.)

Duka likafunguliwa. Kina mama nao wakaanza kumiminika kutoka vichochoroni, kila mmoja anakwenda penye nafasi yake na hakikuti kikapu. Zikaanza kelele. Mimi kimya, nimeshajirudishia mahali pangu nyuma ya baiskeli, natazama mbele kama imamu.

Kisha nikamwona Bi Rukia. Anakuja mbio na buibui lake, mikono bado ina unga wa mchele. Nikajua kanifuata mimi. Nikafurahi! Nikainua kikapu changu juu nikampungia.

"Rudi nyumbani, mke wangu! Usiwe na wasiwasi, sukari naileta!"

Alikwenda moja kwa moja mbele, mahali pa tatu kutoka mlangoni, akasimama akatazama chini. Akatazama huku. Akatazama kule. Kisha akamwona Bi Kiboga na alichokipakata.

"Bi Kiboga, nani kakitoa kikapu changu?"

Alininyooshea kidevu tu.

Jamani. Foleni nzima ilinigeukia. Bi Rukia akakichukua kile kikapu, akanijia nacho taratibu, akaushika ule mkono wa shati, akaniletea mbele ya macho.

"Huujui huu?"

Niliutazama. Chini ya ule weupe wa kupauka palikuwa na mistari. Ya buluu.

"Shati lako," akasema. "Ulilolishona mwenyewe, likachanika Ramadhani ulipokuwa ukigombana na mlango. Nimeweka kikapu hapa tangu alfajiri, kabla ya adhana. Nlikwambia niachie mie. Nlikwambia au skukwambia?"

"Ulinambia."

Nyuma yangu mtu akauliza kwa upole kabisa, "Fundi, kwa hivyo aliyekuwa anasinzia ni wewe?" Nikageuka. Ni mteja wangu! Suruali yake iko kwangu, nimeshaikata.

Nakuapieni, ningeliweza kuingia ndani ya kile kikapu ningeingia. Lakini nilikumbuka wageni, nikamkumbuka Zuwena, nikasema aibu yangu baadaye, kwanza sukari. Nikamshika Bi Rukia mkono nikampeleka mbele. "Jamani, huyu mahali pake ni hapa, kikapu chake kilikuwa cha tatu, nyote mlikiona..."

"Kina miguu?" akauliza mmoja.

"Sikilizeni, ndugu zangu..."

"Foleni ni miguu!" Wote! Kwa sauti moja! Hata kina mama niliowatolea vikapu walipiga kelele, tena wao ndio waliozidi. Sijawahi kuona watu wa mtaa wetu wakiafikiana namna ile.

Bi Rukia akautoa mkono wake mkononi mwangu, akajifunika vizuri, akaondoka. Mimi nikarudi mahali pangu. Foleni ikasogea, ikasogea, nikaanza kupata matumaini. Bwana wa baiskeli akapimiwa ratili zake mbili, akafungiwa kwenye mfuko wa kaki. Nikaweka kikapu changu juu ya meza.

"Imekwisha," akasema muuzaji, na akafunga dirisha.

Nilirudi nyumbani na kikapu kitupu. Bi Rukia hakunigombeza. Angepiga kelele ningeshukuru. Unga wa mkate wa kumimina ulikuwa umekaa kwenye beseni unanitazama, na yeye anapika mikate ya ufuta, ambayo haitaki sukari. Nikashauri tuwape wageni kahawa.

"Kahawa bila halua?"

Zuwena alikuwa mlangoni amesikia yote. Hakutazama dari safari hii, alinitazama mimi, na macho yake yamejaa machozi. Hilo ndilo lililoniuma. Mengine yote ni maneno ya watu tu, lakini mtoto wangu aondokewe na wageni wakisema kwao hata chai hatukupewa, na sababu ni mimi na hotuba zangu!

Baada ya alasiri mlango ukabishwa. Nikajitengeneza kofia, nikafungua. Wazee wawili wamesimama, wamevaa kanzu nzuri. Nyuma yao mshenga wao, mrefu, anaiegemeza baiskeli ukutani.

Akageuka. Tukatazamana.

"Salaale! Si wewe bwana wa vikapu?"

Nilitaka kukana. Hakunipa nafasi. Alinikumbatia mlangoni, akaingia ndani akinishika bega, na kabla wazee hawajakaa vizuri kwenye mkeka ameshaanza kuwasimulia. Alivyokuwa nyuma kabisa ya foleni, keshakata tamaa. Alivyotokea mtu mwenye haki, asiyemwogopa yeyote. Ilivyofika zamu yake ikawa ndiyo ya mwisho. "Na sukari yenyewe hii hapa," akasema, akatoa ule mfuko wa kaki kwenye kanzu yake. "Tuliona tusije mikono mitupu. Siku hizi sukari inapendeza kuliko halua."

Nikaupokea kwa mikono miwili. Nikadhani Mungu kanisitiri. Lakini bwana yule alikuwa hajamaliza!

"Na mnajua kikapu cha tatu kilikuwa cha nani? Cha mkewe! Mkewe mwenyewe kamtoa foleni, wallahi, na shati lake mwenyewe kalitukana!" Hapo akakumbuka yuko nyumba ya nani. Akatazama lile pazia linalogawa chumba, ambalo nyuma yake kina mama walikuwa wamekaa wakisikiliza. Pazia lilikuwa linatikisika.

Wazee wale walicheka mpaka mmoja akavua miwani kujifuta machozi. Alipopata pumzi akasema, "Basi Fundi, sisi tumeridhika. Nyumba yenye mtu wa haki kiasi hiki tunataka ujamaa nayo. Tunamwomba binti. Sijui wenyewe mnasemaje?"

Nikafungua mdomo nijibu. Pazia likanitangulia.

"Wazee wangu, karibuni sana," ilikuwa sauti ya Bi Rukia, tamu kuliko kile kilichokuwa ndani ya mfuko. "Binti tumekupeni. Ila naomba mmchukue na baba yake."

Ndivyo posa ilivyokubaliwa. Zuwena amerudi kutazama dari, Alhamdulillahi. Chai ikaletwa, wageni wakanywa wakaisifu, wakaongezewa. Changu kikombe alikileta Bi Rukia mwenyewe mpaka kwenye pazia. Nikakinywa chote mbele za watu, natabasamu. Hakikuwa na sukari hata chembe.

Kesho barazani nitakuja, sina pa kwenda pengine. Niwekeeni nafasi yangu. Lakini nakuombeni kwa jina la Mungu, msiniwekee kikapu.