Simu Iliyosikia Isiseme

Jumatatu, 3 Machi
Nimenunua simu! Ya mtumba, sawa, lakini kioo kipana. Muuzaji wa pale kona kaapa ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Jumapili binti yetu aliye mbali atapiga kwa video, tumwone mjukuu wetu wa kwanza. Mke wangu ameshafua kilemba. Kaka yake, yaani shemeji yangu, kauliza risiti. Tunamwita Bwana Risiti. Hata kiberiti anakidai risiti. Nimemjibu waungwana hawaandikiani. Chini kuna ufa mdogo. Nimeuziba kwa gundi ya viatu. Nani atajua?

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia Shemeji nimringie. Kasema haloo mara tisa, kakata. Mimi namsikia, yeye hanisikii. Wivu huo. Nikampigia jirani, fundi cherehani. Naye haloo, haloo. Basi si wivu. Simu ni bubu!

Jumatano, 5 Machi
Nimemfokea muuzaji. Kasema ilipotoka kwake ilikuwa inaongea. Mwongo! Nimeizima na kuiwasha mara kumi na nne. Kisha nimeifukia kwenye debe la mchele, eti unanyonya unyevu. Mke wangu kauliza kama leo tunakula simu. Nikasema inapumzika.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa fundi simu. Nani kakaa pale kibandani? Shemeji! Nikasema simu yangu nzima, nimepita kusalimia tu. Fundi kacheka, kasema mficha uchi hazai. Nikamjibu mimi nimeshapata hadi mjukuu. Nyumbani nimeifungua mwenyewe kwa kisu cha mezani. Nimeifunga, zimebaki skrubu mbili. Waliitengeneza kwa kuzidisha.

Jumapili, 9 Machi
Binti kapiga. Mjukuu huyo! Ana pua yangu, maskini. Mke wangu kamwimbia, huku binti anauliza mama mbona husemi, mama uko salama? Mke wangu akakatiza wimbo. Akanitazama, kilemba chake kichwani. Niliona aibu sijapata kuiona. Shemeji, aliyekuja pia kumwona mtoto, akatoa kisimu chake cha vitufe, akampigia mume wa binti, akampa dada yake. Picha kwangu, sauti kwake. Mke wangu akaimba tena. Mtoto akageuza kichwa kumtafuta bibi yake. Nimelia. Nimesingizia vumbi.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kanishika mkono hadi kwa fundi. Fundi kauliza nani kamwaga gundi kwenye kitundu cha kusemea. Nikasema bila shaka yule mwalimu mstaafu. Sindano moja tu, sauti ikarudi! Shemeji kanitazama, hakusema kitu. Ana moyo, kumbe.

Nilipokuwa narudi, muuzaji wa kona kanionyesha televisheni. Picha safi, sauti hakuna. Nikacheka kimoyomoyo. Sindano si ninayo? Nimeichukua. Mke wangu ataona mjukuu ukutani! Shemeji kauliza risiti, yaleyale. Nyuma ina ufa mdogo. Bahati nzuri gundi imebaki nusu.